Barua ya Babulgaon Khurd

Juzi jirani yangu alipaka ukuta wake chokaa. Alikuwa ameiloweka kwenye pipa tangu asubuhi, na ilipoanza kuchemka yenyewe na kutoa ule mvuke wa moto, harufu ilivuka ua ikanikuta nimekaa na kikombe changu cha chai. Nikashindwa kuinywa. Wajukuu walidhani nimeugua, wakataka kuniitia daktari, nami nikawaambia ni uzee tu, waniache. Ninyi mliokula chumvi nyingi kama mimi mtanielewa. Macho yetu yamekwisha, masikio yamekwisha, lakini pua bado inakumbuka mambo ambayo tungependa isahau.

Tulikaa Elerai, hapa Arusha, enzi za Mjerumani. Siyo Elerai hii ya nyumba za bati zilizobanana. Wakati huo kulikuwa na migunga, mashamba ya migomba ya Waarusha, njia za ng'ombe, na nyumba chache za udongo za watu wa kuja kama sisi. Baba alikuwa Mnyamwezi. Alifika kama mpagazi, akaumia mguu njiani, msafara ukamwacha, akabaki. Mama alikuwa Mzigua wa Pangani, na baridi ya Meru hakuizoea mpaka anaingia kaburini. Asubuhi mlima ulikuwa umefunikwa ukungu, na ukungu ukiondoka kidogo kitu cha kwanza kuonekana ni boma la Wadachi, jeupe, na mbele yake watu wakipita vichwa chini. Watoto tulifundishwa kulipita kimya. Baba zetu walikuwa wamelijenga kwa viboko, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kulitazama.

Baba alipata kazi ya kukoroga chokaa na mchanga kwa fundi mwashi mmoja Mhindi, na nyumba yetu na ya fundi huyo zilishirikiana ua. Jina lake lilikuwa refu, Babulgaonkar, na askari wa boma, ambao hawakuwa na subira na chochote kirefu, walilikata wakabaki na kipande cha mwisho. Akawa Fundi Kar. Yeye alicheka, lakini siku moja alitueleza kwamba wamemkata vibaya. Kwao Umarathi, alisema, jina la mwisho la mtu ni jina la kijiji chake, na hilo kar la mwisho maana yake ni mtu wa mahali fulani. Babulgaonkar ni mtu wa Babulgaon. Sasa nyie mmetupa kijiji mkabakiza mtu tu, alisema, mtu wa mahali pasipojulikana. Baba alimwomba radhi kwa niaba ya askari wote, ingawa hakuna askari aliyemtuma.

Fundi alikuwa na mtoto mmoja tu, Godavari, tukimwita Goda. Ni jina la mto wa kwao. Wamarathi huwapa mabinti majina ya mito. Alikuwa rika langu, miaka tisa au kumi hivi. Alizaliwa Tanga wakati baba yake akijenga vituo vya reli, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baba yangu. Mama yake alifariki kwa homa kabla hawajapanda kuja huku. Mama huyo hakuwa Mmarathi, alikuwa mtu wa kaskazini anayesema Kihindi, na ndiyo ilikuwa moja ya sababu zilizomfanya fundi asirudi kwao. Alikuwa amevuka bahari, tena ameoa mwanamke asiye wa kabila lake, na baba yake alipokufa hakuwepo kuyatimiza mazishi kama mtoto mkubwa anavyopaswa. Mambo matatu, alikuwa akisema, na kila moja lilitosha.

Jioni fundi alirudi na kope nyeupe kwa vumbi la chokaa. Alinawa, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, na sisi tukamwamkia shikamoo yetu na kumzunguka, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya majina. Hakuwa mtu wa hadithi za majini wala sungura. Alichokuwa nacho ni majina ya miji na vijiji vya kwao, na maana zake. Gaon ni kijiji. Wadi ni kitongoji. Jambulwadi ni kitongoji cha mizambarau, Chinchwadi cha mikwaju, Dongargaon ni kijiji cha mlimani, na Navegaon ni kijiji kipya, ingawa hakuna mzee anayekumbuka lini kilikuwa kipya. Kwa upande wa marehemu mkewe, kwenye Kihindi, mambo yalikuwa makubwa zaidi. Huko ni pur, mji, na garh, ngome. Fatehpur, mji wa ushindi. Ramgarh, ngome ya Ram. Mkewe alitoka Kishanpur, na alipenda kumtania mumewe kwamba yeye ni mtoto wa mjini aliyeolewa na mtu wa kijijini.

Na babul, je? Hapo fundi aliinua mkono akaonyesha miti iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu. Babul ni mti wa miiba, wa jamii ya hii migunga. Alipofika Arusha mara ya kwanza alimuuliza mama mmoja wa Kiarusha aliyekuwa akituletea maziwa kutoka Olmotonyi kwamba hapa panaitwaje, akajibiwa Elerai, akauliza maana yake, akaambiwa ni huu mti. Siku hiyohiyo alikataa chumba alichopewa karibu na boma akaja kujenga kwetu. Nimetoka Migunga nikaja Migunga, alisema. Yule mama naye alimwambia kwamba Olmotonyi ni jina la ndege mkubwa alaye mizoga, na fundi akafurahi sana, maana watu wanaoita mahali kwa kile wanachokiona walikuwa watu wa namna yake. Wadachi walikuwa na ramani yao, yenye majina yao, na hiyo hakuitaka hata kuisikia.

Sasa kuna jambo moja la majina ya kwao ambalo lazima nilieleze vizuri, kwa kuwa ndilo lililotumaliza. Kule Umarathi vijiji vingi viko viwiliviwili vyenye jina moja. Mto mdogo unapita katikati, upande huu kijiji, upande ule kijiji, na vyote vinaitwa Babulgaon. Kuvitenganisha, kimoja huitwa Budruk na kingine Khurd. Budruk ni kikubwa, Khurd ni kidogo. Maneno haya, alisema fundi, waliyaleta watawala wa zamani waliotoka mbali, na wanavijiji waliyazoea kama mtu anavyozoea lakabu. Hayana dharau. Yeye alikuwa wa Khurd, na mkewe alikuwa akimmalizia utani wake hapohapo: mimi nimetoka mjini, wewe umetoka kijijini, tena kile kidogo. Fundi alilisema hilo akicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Mimi sikucheka. Nilimpenda fundi kuliko wajomba zangu, na niliona mkewe alikuwa amemkosea adabu.

Sisi watoto tukayachukua yale majina tukacheza nayo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na lundo la mchanga wa kazi, na tulitumia mabaki ya chokaa kujenga vijiji. Tulikuwa na wadi na garh na pur, na katikati tulichora mto kwa kidole tukaweka Babulgaon mbili, kila upande moja. Kisha tulicheza mdako. Aliyeshinda alikaa Budruk, aliyeshindwa alihamia Khurd, na huko Khurd hakuwa na ruhusa ya kuwa na ng'ombe wala kisima. Alitakiwa aombe maji kwa mwenzake. Sheria hizo tulizitunga wenyewe. Goda alikuwa na vidole vyepesi, mimi nilikuwa mzito, na karibu kila jioni nilikuwa mtu wa Khurd nikiomba maji. Ndivyo lile neno lilivyoniingia. Kwa fundi lilikuwa jina la nyumbani. Kwangu lilikuwa mahali pa kuaibika.

Mwaka huo masika yalikuwa marefu na baridi ilikuwa ya kuuma. Kikohozi cha fundi, ambacho tulikuwa tumekizoea, kikaanza kutoa damu. Baba alijua maana yake. Alikuwa ameona waashi wengine wakienda vilevile, chokaa ikiwala kifua. Kazi ikasimama. Fundi akalala, akakonda, na Goda akawa mama wa nyumba, akipika uji na kufua vitambaa mtoni kabla sijaamka.

Fundi hakuogopa kufa, au kama aliogopa hakutuonyesha. Alichoogopa ni Goda. Hakukuwa na mtu wa kwao hata mmoja Arusha. Mwenye duka, Mhindi aliyetuuzia chumvi na nguo, alikuwa mtu mwema wa kadiri yake, lakini wa watu wengine na lugha nyingine, na msichana asiye na baba akiingia katika nyumba ya namna hiyo anaingia kwa mlango wa jikoni. Mama alisema Goda abaki kwetu. Fundi alimshukuru sana, akamwambia angekubali kama asingekuwa na ndugu. Alikuwa naye. Mdogo wake, Pandu, alikuwa bado Babulgaon Khurd pamoja na mama yao. Hawakuandikiana tangu baba yao alipofariki. Fundi akaamua aandike. Aliandika mwenyewe kwa herufi zao, siku tatu, mistari michache kila siku kwa sababu ya mkono kutetemeka. Alimwomba Pandu amsamehe, na asipoweza kumsamehe, basi amchukue mtoto tu.

Barua ikawa tayari, na siku ya wachukuzi wa posta kushuka kwenda kwenye reli ikafika. Lakini juu ya barua ilibidi jina na mahali viandikwe kwa herufi za Wazungu, kazi ya karani wa boma. Baba alikuwa amechukuliwa kubeba mawe ya barabara, mama alikuwa mjamzito na amevimba miguu, Goda hakuweza kumwacha baba yake. Fundi akaniita mimi. Alinishika kiganja, akanisomesha maneno ya kumwambia karani, moja kwa kila kidole: Pandu Babulgaonkar, Babulgaon Khurd, kisha taluka, yaani wilaya yao, kisha Nashik, kisha Bombay. Nikayarudia mpaka akaridhika. Kisha akasema jambo moja ambalo hakuwa amewahi kulisema saa za majina. Alisema kwamba watu wa vijiji vile viwili hawapatani, kuna malisho kando ya mto wanayogombea tangu enzi za babu zao, kwa hiyo nisilisahau lile neno la kidole cha pili.

"Khurd," alisema. "Mengine yote ukisahau watakisia. Hilo usisahau."

Sikulisahau. Ningefurahi leo kusema kwamba nililisahau.

Karani alikuwa mtu wa pwani, kanzu safi, miwani, na kwenye baraza lake walikuwepo mkalimani, askari wawili na watu wengine waliokuwa wakisubiri shauri na kujikinga mvua. Nilimwamkia, nikatoa barua kwenye kitambaa, nikaanza kusema kidole kwa kidole. Nilipofika cha pili aliinua kalamu akauliza Khurd ni kitu gani, mbona kama kikohozi. Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa mtoto niliyejua kitu ambacho karani hakukijua, na kiburi kikanipanda, nikamweleza yote, vijiji viwili, kikubwa na kidogo. Karani aliwageukia wale wa barazani.

"Kumbe fundi wa boma ametoka Kijiji Kidogo," akasema. "Na huko kuna watu wangapi? Yeye na mbuzi?"

Wakacheka. Askari mmoja alicheka mpaka akaegemea nguzo, nguzo ambayo fundi aliijenga. Nilisikia uso ukinichoma. Nilimwona fundi wangu amelala kule na kitambaa cha damu, na hawa wanamweka kwenye lundo la mchanga, upande wa kuomba maji.

"Nimekosea, bwana," nikasema. "Ni Budruk. Ndiyo kikubwa."

Karani akasema haya, tumkuze fundi wetu, akaandika. Niliitazama ile kalamu ikitembea, na sikuwa najua kusoma, lakini nilijua lile neno lilipoandikwa kwa kuwa alilitamka polepole. Moyo ulitulia. Kwa akili yangu Babulgaon mbili zilikuwa umbali wa mkono mmoja, na watu wa Budruk wangeona heshima kupokea barua iliyotoka mbali, wangevuka tu kidole cha maji wakampa mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikikimbia kwenye matope. Fundi aliniuliza kama nimesema Khurd. Nikajibu ndiyo.

Nimejiuliza miaka hii yote kama kulikuwa na kitu kingine chini yake. Barua ikifika, Goda ataondoka, na nilikuwa nalijua hilo. Sikumbuki kuliwaza pale barazani. Lakini pia sikumbuki kuwaza kwamba nisiliwaze, na mtoto ana njia zake za kutojua anachokijua. Siwezi kujitetea zaidi ya hapo.

Tukaanza kungoja. Fundi alihesabu miezi: mmoja na nusu kwenda, mmoja na nusu kurudi, na mwezi wa Pandu kukasirika na kutulia. Goda alijifunza maneno ya kumwamkia bibi yake, akayasema usiku na mchana mpaka nami nikayajua. Alifunga bangili za mama yake kwenye kitambaa, akakiweka mahali pa kuchukulika haraka. Kila posta ilipopanda kutoka kwenye reli alikwenda kusimama karibu na boma, kwenye baridi, akarudi kwa mwendo uleule aliokwenda nao. Mwezi wa nne wa kungoja ukapita. Wa tano. Mama alijifungua, mtoto akafa siku ya pili, na katika nyumba zile mbili hakukuwa na mtu mwenye nguvu ya kumfariji mwingine.

Mwezi wa sita fundi aliacha kuuliza. Siku moja mchana baba alikaa naye, mimi nikiwa mlangoni na bakuli la maziwa, nikamsikia akisema kwamba Pandu amefunga mlango, na ana haki. Alilisema taratibu, bila uchungu, kama mtu anayepima ukuta na kuona kweli umepinda. Bakuli likaniponyoka. Nilipiga magoti kwenye maziwa nikasema yote. Karani, kicheko, Budruk. Nilisema barua haikwenda kwao, ilikwenda ng'ambo ya mto, Pandu hajaiona, Pandu hajafunga kitu.

Baba alinitazama kwa hasira, akauliza kama ni kweli. Nikaapa. Lakini fundi alinyoosha mkono wake mkavu akaniwekea kichwani, na nilipoinua uso nilimwona anatabasamu, ndipo nilipoogopa.

"Siku ile nilikuuliza ukasema ndiyo, macho makavu," alisema. "Leo unalia. Nakushukuru, mwanangu. Lakini usijitwike mzigo wa watu wazima."

Nilizidi kuapa, naye alizidi kunishukuru. Mama alikuja akanitoa nje, akamwambia baba kwamba mtoto ana huruma, anatafuta la kumponya mzee. Baba, ambaye hakuwa na uhakika, alikwenda boma kumuuliza karani, akakuta amehamishiwa kituo kingine cha mbali, na karani mpya hajui lolote. Akarudi akamwomba fundi waandike barua ya pili, haidhuru. Fundi alikataa. Alisema amebisha hodi kwa ndugu yake mara moja, na hatabisha mara ya pili kwa mtu asiyetaka kufungua. Goda alikuwa amesimama kando ya kitanda wakati wote ule. Hakuniuliza kitu, siku hiyo wala baadaye, na mpaka leo sijui kama aliniamini.

Fundi alifariki mwanzoni mwa kiangazi. Wahindi wachache waliokuwepo walimchoma kando ya mto, kama desturi yao ilivyo, baba akabeba kuni, na yule mama wa Olmotonyi akaja na maziwa akayaacha mlangoni. Wiki chache baadaye mke wa mwenye duka alimchukua Goda akampeleka Tanga kwa jamaa zake yeye mwanamke. Mama alilia, akabishana, akashindwa. Walimwambia mtoto wa Kihindu hawezi kukaa nyumba ya Kiislamu, na sisi hatukuwa na mtu wa kutusemea bomani. Goda aliniambia jambo moja tu asubuhi ile. Kwamba ba'mdogo akija, nimwambie yuko Tanga.

Niliona ni maneno ya mtu asiyetaka kulia. Nani angekuja?

Alikuja. Ilikuwa kabla ya masika, vumbi limejaa, nami nilikuwa nachambua mchele nje. Mwenye duka aliingia uani na mtu mfupi, kilemba kimechakaa, miguu imevimba kwa safari. Nilipomtazama usoni mikono iliacha kufanya kazi. Alikuwa na uso wa fundi, ila mweusi zaidi, hauna chokaa. Mwenye duka alimwambia baba kwamba huyu ni Pandu, na kwamba tayari amemweleza kuhusu msiba, ila la Goda bado hajalisema.

Barua ilifika. Ilikaa Budruk nusu mwaka nyumbani kwa mkuu wa kijiji, ambaye hakuwa na haraka ya kuwatendea watu wa Khurd wema wowote, mpaka mwanamke mmoja wa Budruk aliyeolewa Khurd alipoiona na kuivukisha. Pandu aliuza ng'ombe wake akaondoka wiki ileile. Mama yao alimwagiza asirudi bila wote wawili. Baba alimuuliza alipitia wapi, akasema Tanga, alilala pale siku mbili akingoja gari la moshi. Hapo nikasema, Goda yuko Tanga. Nililisema kwa sauti kubwa mno, mwenye duka akalifasiri kwa Kihindi, ambacho wote wawili walikielewa, na Pandu akafumba macho.

Kisha alitoa barua kifuani, ileile, imelainika kama kitambaa, akaweka kidole juu ya neno moja la nje na kusema maneno mengi kwa sauti ya chini. Mwenye duka alisitasita kabla ya kutufasiria.

"Anauliza kwa nini kaka yake aliandika Budruk," alisema. "Anasema ndani ya barua kaka yake ameomba msamaha kwa mambo matatu, na yote walishamsamehe siku nyingi. Lakini hili la kuikana Khurd mbele ya watu wa ng'ambo ya mto, hili limemuumiza mama yao. Anauliza kama kaka yake alikuwa anawaonea haya."

Baba aligeuka akanitazama. Aliniachia nafasi. Mara ya kwanza nilisema ukweli nisiaminiwe. Sasa nilijua ningeaminiwa, mara moja, na mtu huyu mwenye uso wa fundi angeninyanyulia macho yake, na mimi ningekuwa mtoto aliyefanya haya yote. Nilikuwa na miaka kumi. Niliinamisha kichwa juu ya ungo nikaendelea kuchambua.

Baba alingoja kidogo. Kisha alimjibu mgeni kwamba hajui, labda karani alikosea. Mwenye duka alifasiri, Pandu akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayepewa faraja asiyoiamini, akaikunja barua. Kesho yake alfajiri alishuka kwenda kwenye reli kumtafuta binti wa kaka yake. Sikuthubutu kumuuliza mwenye duka, kwa hiyo sikupata kujua kama alimpata, wala kama alimpeleka kwa bibi yule aliyekuwa anangoja wawili na kuamini, pengine mpaka kufa kwake, kwamba mwanawe mkubwa aliwaonea haya.